Postikodi yako na kundi la mtaa wako: mwongozo kamili kwa mkazi wa Uingereza

Ukiishi Uingereza utaandika postikodi kila unapogeuka: kwenye fomu ya benki, bima ya gari, mkataba wa simu, hata ukinunua kitanda mtandaoni. Herufi na tarakimu hizo chache hazimsaidii tarishi peke yake. Kampuni ikishazipata inaweza kuangalia kwenye jedwali na kuona mtaa wako umewekwa kundi gani: wastaafu wenye nyumba zao, vijana wapangaji waliosoma, familia zinazobanwa na bili, na kadhalika. Kundi hilo huamua vipeperushi gani vinaingia mlangoni kwako, na mara nyingine linagusa bei unayotozwa.

Naandika mwongozo huu kwa sababu watu wetu wengi huchanganya vitu viwili. Kuna kundi la mtaa, ambalo mnagawana wewe na majirani zako wote, mnaojuana na msiojuana. Halafu kuna faili lako la mikopo, ambalo ni lako wewe na jina lako. Mtu hunyimwa mkopo akalaumu mtaa, kumbe jina lake halimo kwenye daftari la wapiga kura. Mwingine hulinda faili lake kama mboni ya jicho, lakini bima ya gari inapanda kwa sababu tu ya anakolala. Kila kimoja kina mlango wake wa kubisha, na ukibisha usio wake utazungushwa hadi uchoke.

Hatua ya 1: Isome postikodi yenyewe

Chukua ile inayojulikana na wote, SW1A 2AA, ya ofisi ya Waziri Mkuu pale Downing Street. SW ni eneo kubwa, kusini magharibi ya London. SW1A ni wilaya ya posta. Ukiongeza tarakimu inayofuata, SW1A 2, umepata sekta. Herufi mbili za mwisho zinakushusha hadi kwenye kipande kidogo kabisa, mara nyingi upande mmoja wa barabara au jengo moja la fleti.

Nchi nzima ina postikodi kamili zipatazo milioni 1.7, na kila moja kwa wastani ina anwani kama 15. Kumbuka idadi hiyo. Ukitoa postikodi kamili umebaki kwenye kikundi cha milango kumi na kitu. Ukitoa nusu ya kwanza tu, umejificha kati ya maelfu ya watu. Kwa hiyo dodoso la dukani likiomba postikodi, jiulize kama nusu ya kwanza haitoshi. Mara nyingi inatosha.

Mfumo huu ulianza kujaribiwa Norwich mwaka 1959 na ukakamilika nchi nzima mwaka 1974. Ulibuniwa ili mashine zichambue barua. Matumizi mengine yote yalikuja baadaye.

Hatua ya 2: Fahamu makundi yalikotoka

Kupaka mitaa rangi kwa kipato si jambo la kompyuta. Mwaka 1889 Charles Booth alitoa ramani ya umaskini ya London yenye rangi saba: njano kwa mitaa ya matajiri, nyekundu na waridi kwa wenye nafuu, buluu kwa maskini, na nyeusi kwa aliowaita tabaka la chini kabisa, akiwaeleza kwa maneno makali kuwa waovu na nusu wahalifu. Barabara nzima, pamoja na watoto wake, ilipakwa rangi moja. Hapo ndipo penye kasoro ya mambo haya yote, na bado ipo.

Miaka ya 1970 mtafiti Richard Webber alichukua takwimu za sensa akachambua mitaa ya Liverpool ili serikali ijue umaskini wa aina gani uko wapi. Nia ilikuwa kupeleka msaada panapostahili. Muda si mrefu wafanyabiashara wakaona faida yake, na kampuni ya CACI ikatoa mfumo uitwao Acorn. Webber baadaye alihamia CCN ya Nottingham na kutengeneza mfumo wa pili, Mosaic.

Hiyo CCN inafaa uielewe, maana ndiyo inayoeleza kwa nini matangazo na mikopo vimekaa chumba kimoja. Ilikuwa mali ya Great Universal Stores, kampuni iliyouza nguo na vyombo kwa katalogi na kwa mkopo. Muuzaji wa namna hiyo ana maswali mawili kwa kila anwani: huyu atanunua? Na akinunua, atalipa? Faili za wadaiwa na ramani za wateja zikakua pamoja. Mwaka 1996 CCN ikaunganishwa na kampuni ya Marekani, na ndiyo Experian ya leo, ambayo bado inauza Mosaic na bado inatunza taarifa za mikopo za karibu kila mtu mzima nchini.

Marekani walipita njia chungu zaidi. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba, HOLC, lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kupaka nyekundu mitaa iliyoonekana hatari kukopesha, na mitaa ya watu weusi ikaangukia humo. Sheria za mwaka 1968, 1974 na 1977 zilikuja kuzuia ubaguzi huo, lakini nyumba zilizonyimwa mikopo kwa kizazi kizima hazikurudishiwa thamani yake.

Hatua ya 3: Elewa jinsi mtaa unavyopewa kundi

Kazi hii haina uchawi. Ofisi ya Takwimu ya Taifa, ONS, hukusanya postikodi zinazopakana hadi zifanye eneo dogo la sensa, kwa kawaida kaya zaidi ya mia moja hivi. Kila eneo lina orodha ya asilimia: wangapi wamepanga, wangapi wana gari, wangapi wana watoto wadogo, wangapi wamezaliwa nje, wangapi wana digrii. Uainishaji wa bure wa ONS uliotokana na sensa ya 2011, walioutengeneza pamoja na chuo kikuu cha UCL, ulitumia vipimo 60 vya namna hiyo.

Kisha kompyuta huambiwa, tuseme, tafuta makundi manane. Inaweka vituo vinane kwa kubahatisha, inapeleka kila eneo kwenye kituo kinachofanana nalo zaidi, inakokotoa upya wastani wa kila kundi, inahamisha maeneo yaliyokaa vibaya, na inarudia hivyo mpaka hakuna linalohama tena. Ule wa 2011 ulitoa makundi makuu 8, yakagawanywa kuwa 26, na hayo kuwa 76. Sensa ya 2021 nayo ikazaa uainishaji mpya wenye makundi makuu 8 pia.

Mwisho wa yote binadamu hukaa na kuyapa majina. Hapo kompyuta haina la kusema. Moja ya makundi ya 2011 lilipewa jina lenye maana ya maisha ya dhiki, lingine wakazi wa jiji waliobanwa. Mtu mwingine angeangalia asilimia zilezile akachagua majina mengine kabisa.

Sasa piga hesabu hii. Tuseme eneo lako lina kaya 150 na asilimia 60 wamepanga nyumba za halmashauri. Eneo litaingia kundi la wapangaji wa halmashauri. Lakini kaya 60 kati ya hizo 150 hazimo katika maelezo hayo! Nesi aliyemaliza kulipia nyumba yake, dereva wa basi mwenye akiba, wote wamevikwa joho lisilo lao. Wastani wa eneo unaeleza eneo. Haumwelezi mtu aliyemo. Ukilielewa hilo tu, hutaogopa kundi lolote watakalokuweka.

Mifumo ya kibiashara huongeza mengine juu ya sensa: bei za nyumba zilizouzwa, daftari la wazi la wapiga kura (lile linalouzwa), madodoso ya wanunuzi, na taarifa za madeni zilizojumlishwa kwa eneo. Ndiyo maana Acorn na Mosaic hubadilika kati ya sensa na sensa, na ndiyo maana hazikubaliani kila mara kuhusu mtaa mmoja.

Hatua ya 4: Tafuta kundi la mtaa wako

Anza na ule wa bure wa ONS. Ramani zake ziko mtandaoni. Unaandika postikodi, unaona kundi na maelezo yake. Soma maelezo pole pole ukilinganisha na watu unaowaona barabarani kwako. Ukikuta wamekosea nusu, usishangae.

Kisha angalia kipimo cha serikali cha ufukara wa maeneo ya England. Hiki kinatumika kugawa fedha za umma, na ni tofauti na makundi ya kibiashara: kinapanga maeneo kwa namba, kuanzia lenye hali ngumu zaidi. Katika toleo la 2019 kipato na ajira vilibeba asilimia 22.5 kila kimoja, elimu na afya asilimia 13.5 kila kimoja, na uhalifu, makazi na mazingira asilimia 9.3 kila kimoja. Sehemu ya Jaywick, kijiji cha pwani katika jimbo la Essex, ilitajwa kuwa yenye hali ngumu kuliko zote mwaka 2010, 2015 na 2019. Kama unaandika maombi ya ruzuku ya kikundi cha jamii au madrasa ya mtaa, weka namba ya eneo lako kwenye maombi. Hapa kundi la mtaa linafanya kazi kwa faida yako.

Hatua ya 5: Ligeukie faili lako la mikopo

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye pesa.

Kampuni kubwa za taarifa za mikopo ni tatu: Experian, Equifax na TransUnion. Kila moja ina faili lake kuhusu wewe, na kwa sheria unapewa ripoti yako bure ukiomba. Omba zote tatu. Alama zao, yaani namba wanayokupa kuonyesha unavyoaminika kukopa, hazilingani, kwa kuwa kila moja ina kipimo chake. Equifax hufika 1000, TransUnion 710. Tena alama unayoonyeshwa kwenye simu si ile inayotumiwa na benki. Mkopeshaji huchukua taarifa ghafi, akachanganya na fomu yako na kumbukumbu zake, akapiga hesabu yake mwenyewe.

Wengi huamini kwamba nyumba inaweza kuwa na "nuksi" kwa sababu mpangaji wa zamani alikimbia madeni. Zamani imani hiyo ilikuwa na ukweli: kampuni zilikuwa zikichota taarifa za watu wengine waliowahi kuishi kwenye anwani ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya ulinzi wa taarifa na mahakama yake maalumu viliziwekea mipaka. Siku hizi unachounganishwa nacho ni mtu uliyefungamana naye kifedha, yaani mliyefungua naye akaunti ya pamoja au kukopa naye nyumba. Kuishi chumba cha pili na mtu mwenye madeni hakukugusi. Kwa hiyo, kwenye kila ripoti fanya haya:

– Angalia anwani zako zote zimeandikwa namna moja. "Flat 2" na "2A" zinaweza kuzaa watu wawili kwenye kompyuta.

– Angalia majina. Sisi wenye majina matatu tunaumia hapa: benki imeandika jina la baba mwisho, kampuni ya simu imeandika la babu. Chagua mpangilio mmoja, ule wa pasi yako, uutumie kila mahali.

– Tazama nani ameunganishwa nawe. Kama ni mtalaka mliyekwisha funga akaunti zote, omba kampuni ivunje uhusiano huo.

– Madeni yaliyoshindikana na hukumu za mahakama hukaa miaka 6. Likizidi hapo, liondolewe.

Halafu daftari la wapiga kura. Wakopeshaji hulitumia kuhakikisha kwamba kweli unaishi unaposema. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi Uingereza wanaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura. Hao ni pamoja na Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Nawasihi, jiandikisheni! Nimekutana na watu walioishi hapa miaka mingi bila kujua. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao bado hawana uraia wa Uingereza hawaingii katika utaratibu huo, lakini wanaweza kuambatanisha kwenye faili maelezo yasiyozidi maneno 200, wakisema hawana sifa ya kujiandikisha na kwamba wako tayari kutoa uthibitisho mwingine wa makazi. Maelezo hayo ni haki ya kila mtu.

Anayefika leo kutoka Nairobi au Dar es Salaam huanza na faili tupu, hata kama kwao alikuwa mkopaji mwaminifu wa miaka kumi. Historia haivuki bahari. Mkopeshaji asiye na lolote juu yako hushika kile kidogo alichonacho, na anwani ni sehemu ya hicho kidogo. Dawa yake ni kulijaza faili upesi: akaunti ya benki, mkataba wa simu kwa jina lako, bili unazolipa kwa wakati.

Hatua ya 6: Ukinyimwa, uliza kwa mpangilio

Usipeleke maombi mengine matano siku hiyohiyo, kwani kila ombi kamili huacha alama kwenye faili na wakopeshaji wengine wanaiona. Tumia kwanza zana za kukagua kama una sifa za kupata mkopo, ambazo haziachi alama inayoonekana kwa wengine.

Kisha mwandikie mkopeshaji. Muulize alitumia kampuni gani ya taarifa. Sheria ya mikopo inamtaka akujibu. Muulize kama uamuzi ulifanywa na mashine peke yake, na kama ndivyo, omba mtu aupitie upya. Muulize pia, kwa maneno ya wazi, kama taarifa za eneo zilitumika. Huenda asikupe fomula yake, lakini sababu kuu anapaswa kukueleza.

Kosa likiwa kwenye faili, iandikie kampuni husika. Ina siku 28 za kukujibu. Likiwa kwa mkopeshaji na wiki 8 zimepita bila jibu la maana, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Huduma za Fedha. Ni bure na huhitaji wakili.

Hatua ya 7: Bima, mahali postikodi inapotajwa waziwazi

Kwenye bima ya gari na nyumba hakuna kificho. Wizi, ajali na mafuriko vya eneo vinaingia kwenye bei. Mwaka 2022 shirika la Citizens Advice lilionyesha kwamba katika maeneo ambayo zaidi ya nusu ya wakazi si weupe, madereva walitozwa angalau pauni 280 zaidi kwa mwaka. Kampuni za bima husema haziulizi asili ya mtu. Sawa, hawaulizi, lakini postikodi inaweza kusema kabla hujafungua mdomo. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza pia ubaguzi usio wa moja kwa moja, kwa hiyo swali hili halijafungwa, na lalamiko lako lina uzito.

Unachoweza kufanya: linganisha bei kwa kampuni nyingi, kwa sababu kila moja inapima eneo kwa namna yake, eleza ukweli kuhusu mahali gari linapolala, kama ni uani au barabarani, na kabla ya kuhama, jaribu postikodi mpya kwenye tovuti za kulinganisha bei. Usitumie anwani ya shangazi aliye kijijini ili upate bei nafuu. Huo ni udanganyifu, na siku ya ajali utajikuta huna bima.

Hatua ya 8: Punguza matangazo

Jitoe kwenye daftari la wazi la wapiga kura, ambalo huuzwa kwa yeyote. Kura yako na alama zako haziguswi. Jiandikishe kwenye huduma ya bure ya kuzuia barua za matangazo zenye jina lako. Vipeperushi visivyo na jina vina fomu yake ya Royal Mail, na inabidi kuirudia baada ya muda.

Kampuni inayokutumia matangazo, iandikie kwamba unapinga taarifa zako kutumika kwa matangazo. Haki hiyo haina masharti. Wakishapata barua yako lazima waache. Unaweza pia kuwauliza, kwa haki yako ya kupata taarifa zako, wamekuweka kundi gani. Wana mwezi mmoja wa kujibu. Msimamizi wa taarifa binafsi, ICO, aliwahi kuichukulia Experian hatua mwaka 2020 kuhusu biashara hii ya kukusanya taarifa bila watu kujua. Kesi ilikwenda mahakamani na Experian ikashinda sehemu kubwa, mwaka 2023 na tena kwenye rufaa mwaka 2024. Kwa hiyo usingoje ulindwe. Andika barua yako.

Hatua ya 9: Ukiwa na biashara, itumie wewe

Tuseme unapika pilau na sambusa za kuagiza, na una postikodi za maagizo 200. Ziunganishe na makundi ya bure ya ONS. Ukikuta maagizo 48, yaani asilimia 24, yametoka kundi ambalo lina asilimia 12 tu ya kaya za mji wako, gawanya 24 kwa 12, zidisha kwa 100: umepata 200. Kundi hilo linakununua mara mbili ya wastani. Tafuta sekta za posta zenye kundi hilo kwa wingi na upeleke vipeperushi huko. Lilo chini ya 100 usilitupe moja kwa moja; pengine hawajawahi kukusikia. Na postikodi za wateja zikiwa pamoja na majina yao ni taarifa binafsi, basi ukimaliza hesabu futa majina.

Kwa wenye mguu mmoja nyumbani

Postikodi za Kenya zinataja ofisi ya posta unapochukulia barua, kwa hiyo hazisemi unaishi wapi. Tanzania, postikodi ya tarakimu tano hushuka hadi kwenye kata, na kata moja inaweza kuwa na maghorofa na vibanda bega kwa bega. Ndiyo maana wakopeshaji wa huko walishika simu badala ya mtaa: M-Shwari, iliyoanza Kenya Novemba 2012, humpima mtu kwa jinsi anavyotumia M-Pesa. Anwani za Makazi zilipowekwa Tanzania mwaka 2022, mwaka wa sensa, namba za nyumba na majina ya barabara yalifika mitaa mingi isiyokuwa nayo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa tangu 2019, na ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023 ikiwa na Tume yake. Ukikopa huko, maswali ya Hatua ya 6 kuhusu mashine na sababu za kunyimwa unaweza kuyauliza vilevile, kwa maandishi, na ukibaki na nakala.